Majina ya Mwili Uliojeruhiwa

Istilahi haipimwi kwa utamu wa sauti yake, bali kwa kazi inayofanya kinywani mwa asemaye na masikioni mwa asikiaye. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya jambo moja la utabibu, nalo ni jinsi mwili mzima unavyojibu unapojeruhiwa, ama kwa ajali ama kwa kisu cha daktari wa upasuaji. Kisha tutatazama jinsi Kiswahili kinavyoweza kulitaja jambo hilo bila ya kumpotosha mgonjwa.

Tumfikirie mkulima wa Mawengi, kata iliyomo katika Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe. Akihitaji kupasuliwa, huenda akapelekwa Lugarawa, au mjini Njombe, au hata Ilembula upande wa Makambako. Daktari atakayempasua amesomea kazi yake kwa Kiingereza; mkulima huyo na jamaa zake nyumbani husema Kipangwa. Wote hukutana katika Kiswahili. Neno likikosewa hapo, ni vigumu kupata mahali pengine pa kulisahihisha.

Mwandishi wa Kirumi Celsus, katika karne ya kwanza, alitaja dalili nne za sehemu ya mwili iliyoumia: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Jina la Kilatini la hali hiyo lilitokana na neno lenye maana ya mwali wa moto. Katika mazoea yetu, dalili ya pili ndiyo iliyochukuliwa ikafanywa jina la zote, tukasema uvimbe. Hapo pana matatizo mawili. Kwanza, uvimbe ni jina pia la nyama iota mwilini, hata ile ya saratani. Kwa hiyo mgonjwa aambiwaye kwamba ndani mna uvimbe aweza kurudi nyumbani na hofu isiyo yake. Pili, wengine, katika kuikwepa shida hiyo, husema uambukizo. Lakini uambukizo ni kuingiwa na vijidudu, na mfupa uliovunjika bila ya ngozi kuchanika huvimba na kupata joto ingawa hakuna kijidudu kilichoingia.

Wataalamu wenyewe walichukua muda mrefu kuyatenganisha mambo haya. John Hunter, daktari wa upasuaji wa London, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1794 baada ya kifo chake, alisisitiza kwamba hali hiyo si ugonjwa wenyewe, bali ni kazi ya mwili ya kujiponya. Mwaka 1867 Julius Cohnheim, Mjerumani, alieleza jinsi chembe nyeupe za damu zinavyopenya kuta za mishipa midogo na kutoka nje. Ikafahamika basi kwamba wekundu na joto hutokana na damu kuzidi mahali palipoumia, na uvimbe hutokana na majimaji yanayovuja kutoka mishipani.

Hata hivyo, hayo yote yalihusu mahali pa jeraha tu. Aliyefungua mlango wa pili ni David Cuthbertson wa Glasgow. Mwaka 1930 alichapisha uchunguzi wake juu ya wagonjwa waliovunjika mifupa ya miguu. Alipopima mkojo wao aliona kwamba walikuwa wakipoteza naitrojeni nyingi, kupita kiasi ambacho kulala kitandani peke yake kungeweza kukieleza. Naitrojeni hiyo ilitoka katika protini, na hasa protini ya misuli. Gramu 1 ya naitrojeni ni sawa na gramu 6.25 za protini, yaani takriban gramu 30 za nyama ya mwili. Mguu ndio uliovunjika, lakini mwili mzima ndio uliolipa.

Mwaka 1942 Cuthbertson aliugawa mwenendo huo katika vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza, ambacho kwa kawaida hudumu siku moja au mbili, mwili hujikunyata: joto hushuka, na moyo husukuma damu kidogo. Katika kipindi cha pili joto hupanda, moyo huenda mbio, sukari huzidi katika damu, na misuli huyeyushwa ili ini lipate malighafi ya kutengeneza sukari na protini za kinga. Hapo ndipo mtu aliyejeruhiwa anapotofautiana na mtu mwenye njaa tu. Mwenye njaa, kadiri siku zinavyopita, mwili wake hupunguza matumizi, hutumia mafuta na kuiwekea misuli akiba. Mwili uliojeruhiwa vibaya hauweki akiba.

Cuthbertson aliviita vipindi hivyo kwa mfano wa maji ya bahari. Mfasiri wa pwani atafurahi, maana Kiswahili kina maneno kupwa na kujaa, nayo yanalingana barabara na maneno ya asili. Lakini mkulima wetu anaishi milimani, na Ziwa Nyasa lililo karibu naye halina maji kupwa wala maji kujaa. Tafsiri iliyo sahihi kwa kamusi yaweza kuwa bubu kwa msikilizaji. Kwake yeye mfano wa moto wa mekoni utasema zaidi: kwanza moto umefunikwa majivu, kisha unawaka kwa nguvu na kutaka kuni, kuni zikikosekana, zitachomolewa nguzo za nyumba. Misuli ndiyo nguzo. Kwa mfano huo jamaa wa mgonjwa ataelewa kwa nini, daktari akisharuhusu chakula, uji na maharage vina kazi kama dawa.

Hata lugha kubwa huendelea kurekebisha majina yake. Mwaka 1991 mkutano wa wataalamu nchini Marekani uliupa jina mwitikio wa mwili mzima, ukaweka vipimo, kama vile joto kupita nyuzi 38 au mapigo ya moyo kupita 90 kwa dakika, na ukatamka kwamba hali hiyo yaweza kutokea bila ya uambukizo wowote. Mwaka 2016 wataalamu walirekebisha tena maana ya uambukizo uliovuruga mwili mzima, wakisema kwamba hatari yake iko katika mwitikio wa mwili uliokosa utaratibu hata viungo vikashindwa kazi. Ujuzi ukihama, jina halina budi kuufuata.

Kanuni inayojulikana ya kuunda istilahi zetu ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tugeukie lugha za nje. Katika jambo hili twaona kwamba hatua ya kwanza yatosha. Uvimbe ubaki kuwa kuvimba na nyama iota, ila msemaji abainishe ni upi. Uambukizo ubaki kuwa wa vijidudu. Mwako wa jeraha uwe jina la dalili zile nne pamoja. Na ingawa wanakemia hutumia mwako kwa uunguaji, neno jeraha laondoa utata. Mwitikio wa jeraha, kutokana na kitenzi kuitika, uwe jina la kazi ya mwili mzima, kwa kuwa mwili umeitwa nao umeitika. Kwa metaboli, tusiache neno umetaboli lililokwisha kuzoewa katika masomo ya biolojia.

Twawaomba walimu wa wauguzi na wafasiri wa vitabu vya afya wayajaribu majina haya wodini kabla ya kuyaingiza katika orodha. Muuguzi akisema, “Joto hili la leo laweza kuwa ni mwitikio wa jeraha, likizidi au likirudi siku zijazo tutachunguza kama kuna uambukizo,” atakuwa ameeleza mambo mawili tofauti kwa maneno mawili tofauti. Mgonjwa atajua la kungojea, na jamaa zake watajua la kuuliza.