Tiba ya kunyonyoka kwa nywele

Kunyonyoka kwa nywele ni dalili yenye vyanzo vingi, na tiba hufuata chanzo. Horohoro na kwingineko katika pwani ya Tanga, chanzo cha kawaida kwa watoto ni mapunye, fangasi wa kichwani wanaohitaji vidonge, kama griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8, maana mafuta ya kupaka pekee hayafiki kwenye mzizi. Kwa wanawake, misuko inayobana huvuta mizizi ya pembeni mwa paji la uso. Ikilegezwa mapema nywele hurudi, ikichelewa hubaki kovu. Upara wa kurithi hupunguzwa kasi na minoksidili ya kupaka, ambayo asili yake ni dawa ya shinikizo la damu, na kwa wanaume vidonge vya finasteridi, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1997. Mjamzito asivitumie kabisa.

Wapo wanaoamini kwamba upandikizaji, uliopata msingi wake kwa kazi ya Norman Orentreich wa New York mwaka 1959, humaliza tatizo. Sivyo. Upasuaji huhamisha nywele za kisogoni, hauongezi hata moja, na zile za awali huendelea kupungua. Mizizi ya nywele za kipilipili hupinda chini ya ngozi, hivyo hukatika kirahisi wakati wa kung'olewa. Kikwazo kikubwa zaidi cha tiba ni uhaba wa madaktari wa ngozi, ingawa kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC, Moshi, kinawaandaa wataalamu hao tangu miaka ya 1990. Mgonjwa apimwe kwanza, ndipo anunue dawa.