Mbaraka hakuzeeka: habari za radiogramu ya Mji Kasoro Bahari

Wiki chache zilizopita nilikuwa Moro, mji kasoro bahari. Niliitwa kwenye kikao cha familia, nikadhani ni mambo ya shamba au ya mahari. Kumbe kikao chenyewe kilihusu kabati!

Siyo kabati la kawaida, jamani. Ni radiogramu ya marehemu babu, aliyekuwa karani wa reli hapo Morogoro. Mbao zake ni za kahawia zenye kung'aa, na mbele kuna kitambaa cha spika chenye nyuzi za dhahabu. Katikati kuna redio yenye kioo na vitufe vyeupe kama meno. Ukifunua mfuniko wa kulia unakuta sahani ya kupigia santuri, na kushoto ni nafasi ya kuzipanga. Kwa zaidi ya miaka ishirini mama ametunza humo vyombo vya wageni.

Alikuwa amejitokeza mtu kutoka Dar anayetaka kulinunua alipambie hoteli. Baba mdogo akasema liuzwe, linajaza nafasi tu. Mama akasema vyombo atavihamisha. Bibi hakusema kitu. Mimi nikaomba mwezi mmoja nilitengeneze, na likishindikana, basi liende.

Kabla sijasema kilichotokea, turudi nyuma kidogo. Bila historia hii utaona nimehangaikia ubao tu.

MUZIKI ULIOZALIWA NA SINDANO

Wengi wetu tunajua kwamba Morogoro ulikuwa mji wa muziki. Tunachosahau ni kwamba muziki ule ulianzia kwenye santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya EMI ya Uingereza ilitoa mfululizo wa santuri ulioitwa GV, na ndani yake kulikuwa na nyimbo nyingi za Cuba. Zilisambaa Afrika nzima, Kongo, Kenya, Tanganyika. Zilipigwa kwa gramafoni za kuzungusha kwa mkono, ambazo hazikuhitaji umeme. Maana yake zingeweza kupigwa mjini na hata kupandishwa Mgeta au Matombo, kwenye milima ya Uluguru, ambako nguzo za umeme zilichelewa sana kufika.

Kijana mmoja wa Morogoro, Salum Abdallah, alizisikia santuri hizo zikamlewesha. Inasimuliwa kwamba alitoroka nyumbani akitaka kupanda meli mpaka Cuba, akaishia Mombasa. Cuba ilimshinda, akaamua kuileta Morogoro. Mwaka 1948 alianzisha bendi aliyoiita La Paloma, na baadaye ikawa Cuban Marimba. Mpaka leo wazee wanamwita SAY, yaani Salum Abdallah Yazidu. Alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965, na Juma Kilaza akaiongoza bendi baada yake.

Upande wa pili wa mji kulikuwa na Morogoro Jazz, na katikati ya miaka ya 1960 akaingia humo mpiga gitaa kijana, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Mji mdogo, bendi mbili kubwa! Ukisikia wazee wanavyobishana kuhusu Cuban na Moro Jazz hadi leo utadhani ni Simba na Yanga. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonesho ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka akajitenga na kuanzisha Super Volcano.

Sasa sikiliza jambo hili. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Redio ya taifa (Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, Tanganyika Broadcasting Corporation mwaka 1956, Radio Tanzania Dar es Salaam kuanzia 1965) ilirekodi bendi zetu kwa wingi, lakini kwenye tepu za studio, kwa ajili ya kurushwa hewani. Mwananchi hakuweza kuinunua tepu ile. Ukitaka kuumiliki wimbo ulihitaji santuri, na santuri zilichapwa Nairobi.

Kwa hiyo wimbo uliotungwa chini ya Uluguru ulikwenda Nairobi, ukarudi na treni au basi ukiwa sahani nyeusi yenye tundu katikati, ukauzwa dukani Morogoro, na mahali pake pa kuishi pakawa sebuleni, ndani ya kabati kama la babu. Radiogramu ndiyo iliyokuwa maktaba yetu.

MBONA HAIKUWA NA TELEVISHENI?

Swali zuri. Ulaya na Marekani miaka ya 1950 na 1960 walitengeneza makabati yenye vyote vitatu: televisheni katikati, redio upande huu, santuri upande ule. Kwetu, mtu aliyenunua kabati la namna hiyo angekuwa amenunua kioo cha kujitazamia. Kenya walianza kurusha televisheni mwaka 1962, Uganda 1963. Zanzibar walianza 1974, tena ya rangi moja kwa moja, wakati nchi nyingi za Afrika bado zilikuwa na nyeusi na nyeupe au hazina kabisa. Bara hakuna kitu! Serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa ya watu wachache wa mjini, wakati mkulima hana maji wala zahanati. Tuliisubiri mpaka mwaka 1994, stesheni binafsi kama ITV zilipoanza.

Usipime hilo kwa hasara peke yake. Kwa miaka yote hiyo sebule ya Mtanzania wa Bara iliendelea kuwa ya sikio. Watu walikaa mbele ya radiogramu kama tunavyokaa leo mbele ya televisheni, wakakodolea macho taa ya kijani ya kukamatia stesheni. Bibi anasema siku babu anapiga santuri mpya, majirani walikuja na viti vyao.

KILICHOIUA

Radiogramu haikufa kwa siku moja. Kwanza ilikuja redio ndogo ya transista, ya betri, ambayo mtu aliweza kupanda nayo mlimani na kwenda nayo shambani. Halafu ikaja kaseti. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na njia ya kawaida ya santuri za Nairobi ikaharibika. Januari 12, 1979 Mbaraka akafariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa. Alikuwa na miaka 34 tu. Kisha ikaja miaka ya uhaba, ambapo hata sabuni ilipangiwa foleni, sembuse sindano ya santuri! Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, kaseti ilikuwa imeshashika nchi.

Makabati yakageuka ya vyombo, na santuri zikakaliwa na vumbi. Nyingine walichezea watoto, wakizirusha kama visahani. Leo ukitaka kumsikiliza Salum Abdallah kwa mpangilio mzuri, mojawapo ya mikusanyo inayojulikana ilitolewa mwaka 2000 na kampuni ya Dizim, ya Ujerumani. Wajerumani! Siwalaumu, nawashukuru. Ila inauma.

FUNDI WA KWANZA NA FUNDI WA PILI

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mwenzangu. Alilichungulia kwa nyuma, akacheka. "Bro, toa haya madudu yote. Nakuwekea amplifaya ya kisasa, bluetooth, sehemu ya flashi, taa za rangi. Kesho jioni unapiga muziki."

Nakiri nilishawishika. Bei ilikuwa nzuri, na kwa nje lingebaki lile lile. Lakini nikajiuliza: likishatolewa moyo, tofauti yake na lile la hotelini ni ipi?

Fundi wa pili ni mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu lakini mikono bado. Jambo la kwanza aliloniuliza: "Umeshalichomeka kwenye umeme?" Nikamjibu bado. Akashusha pumzi. "Shikamoo yako nimeipokea kwa moyo mmoja, mjukuu wangu. Wengi hulichomeka kwanza, halafu ndiyo wananiita."

Akanieleza. Redio hizi hazitumii transista, zinatumia valvu, yaani vioo vidogo mfano wa balbu ambavyo lazima vipate moto ndipo vifanye kazi. Ndani kuna umeme wa volti zaidi ya 250, na kapasita zinaweza kuubakiza hata baada ya kuchomoa waya, kwa hiyo usiingize mkono kichwa kichwa. Kinachooza zaidi ni kapasita za karatasi na nta. Zikizeeka zinavujisha umeme, na ukiwasha ghafla zinaua valvu, au zinaua transfoma, na transfoma ikishaungua shughuli imekwisha.

Alizibadilisha zote, moja baada ya nyingine, kwa kapasita mpya za bei ya soda. Valvu karibu zote zilikuwa nzima. Sehemu za kuongezea sauti zilizokuwa zikikwaruza alizisafisha. Halafu akaunganisha balbu ya wati 60, ile ya zamani ya waya, kwenye njia ya umeme. Ikiwaka kwa nguvu zote, ujue ndani kuna shoti. Ikiwaka kisha ikafifia, uko salama. Tulishusha pumzi pamoja balbu ilipofifia. Baada ya nusu dakika kioo cha redio kikapata mwanga wa manjano, na majina ya miji ya Ulaya yakatokea: Hilversum, Luxembourg, Wien. Babu alilala na kuamka na majina hayo, na hakuna hata mmoja aliowahi kuufika.

Mbao nazo zilitaka kazi. Unyevu wa Morogoro, mawingu ya Uluguru yanapokaa juu ya mji siku nzima, ulikuwa umefumua gundi, na ule ubao mwembamba wa juu ukajikunja pembeni. Tuliubandika kwa gundi na kuubana usiku kucha. Mchwa walikuwa wameonja mguu mmoja wa nyuma. Sikupiga vanishi mpya juu ya ile ya zamani. Alama ya glasi ya babu bado ipo, na itabaki.

BIBI NA KASI YA SANTURI

Siku ya kupiga santuri tulimketisha bibi mbele. Mzee fundi akageuza sindano, maana santuri za kasi ya 78 zina mfereji mpana na sindano yake ni nene karibu mara tatu ya ile ya 45. Tukaweka ya 45, ya Morogoro Jazz. Mikwaruzo kwanza, kisha magitaa. Mama akapiga vigelegele, hata baba mdogo akatabasamu. Mimi machozi yalinilenga, siwafichi.

Bibi akakunja uso. "Huyo nani anaimba?"

"Mbaraka huyo, bibi."

"Mbona mzee? Mbaraka hakuzeeka."

Tukacheka. Tukadhani kumbukumbu zimemchanganya. Lakini mzee fundi hakucheka. Akabandika kipande cha karatasi juu ya lebo, akaniambia nitazame saa nihesabu mizunguko. Kwa dakika moja ilizunguka mara 42. Ilipaswa kuwa 45!

Kumbe kigurudumu cha mpira kinachobana kati ya mota na sahani kilikuwa kimekauka na kuwa laini kama kioo, kinateleza. Grisi ya kwenye ekseli nayo ilikuwa imeganda kama gundi. Sauti yote ilikuwa imeshuka, na kijana asiyefika miaka 35 akasikika kama babu. Fundi akakikwaruza kigurudumu kwa msasa laini, akasafisha grisi, akatia oili matone mawili. Tukahesabu tena: 45. Tukapiga.

Bibi akaegemea kiti, akafumba macho. "Haya. Huyo ndiye."

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mimi niliyesomea uandishi wa habari, mwenye simu iliyojaa nyimbo, ningeusikiliza ule wimbo umeharibika maisha yangu yote, tena kwa machozi, na nisingejua. Mashine ilikuwa imepona nusu, na aliyejua nusu iliyobaki ni mtu aliyekuwepo. Kuna vijana walioanzisha Tanzania Heritage Project ili kuokoa tepu za Radio Tanzania zilizokuwa zikioza kwenye makabati, na wazo hilo nalisifu. Lakini kuokoa sauti ni kazi ya watu wawili: mwenye mashine na mwenye kukumbuka. Mashine inaweza kusubiri miaka thelathini ndani ya vumbi. Bibi hawezi.

Yule mteja wa hoteli tumemjibu kwa heshima kwamba haliuzwi. Vyombo vya mama vimehamia jikoni, na kila Jumapili jioni bibi anachagua santuri, sisi tunapiga, naye anasema ni nani anayeimba, wimbo ulihusu nini na nani mtaani alioa mwaka ule. Mimi naandika.

Na wewe, nyumbani kwenu kuna kabati gani limefunikwa kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki juu yake? Lifunue kabla hajaja mteja. Usilichomeke! Santuri zisimamishe kama vitabu, usizilaze. Halafu kamwite bibi au babu yako aketi karibu, maana kuna kitu anakijua ambacho wewe hukisikii.