Kubana au Urari? Istilahi ya Matumizi ya Nishati katika Vihisi

Miongoni mwa mambo yanayotutatiza katika kuunda istilahi ni kwamba neno huweza kusalia hali dhana yake imekwisha geuka. Ndivyo ilivyotokea katika elimu ya vihisi, yaani vyombo vidogo vipimavyo joto, unyevu au mwendo, na kupelekeana habari kwa redio pasipo waya.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzao, walitega vihisi katika mashimo ya ndege wa baharini kisiwani Great Duck, jimbo la Maine, Marekani. Vihisi hivyo vilitegemea betri peke yake, na kuyaendea mashimo mara kwa mara ili kuzibadilisha kungewasumbua ndege. Hapakuwa na budi kubana matumizi: kihisi kililala muda mwingi, kikaamka kitambo tu. Neno "kubana" lilifaa, maana akiba ikiisha haikurudi.

Januari 2004 watafiti wa Princeton waliwavika punda milia wa Kenya mikanda ya shingoni yenye sola. Sasa akiba ilipata mavuno. Mwaka 2007 Kansal, Hsu, Zahedi na Srivastava walifafanua kanuni iliyoifaa hali hiyo: lengo si kutumia kidogo kabisa, bali kutumia kisichozidi kilichovunwa katika kipindi kizima. Kihisi hukadiria jua la saa fulani kwa kutazama saa ile ile ya siku zilizopita, kisha hurefusha au hufupisha muda wake wa kukesha.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Kihisi kinachobana adhuhuri, betri ikiwa imejaa, hupoteza nishati isiyo na pa kuwekwa. Kinachotumia bila kukadiria huzimika usiku. Cha kwanza ni sawa na mkulima aachaye mahindi yaoze shambani kwa kuwa ghala limejaa, ilhali wanawe wanalala na njaa.

Kwa hiyo hatuoni kuwa yafaa kuiita dhana hii "kubana umeme", wala "mgawo", neno linalowakumbusha wengi kukatiwa umeme. Twapendekeza "urari wa nishati", kwani "urari" limekwisha zoeleka katika uhasibu kwa maana ya ulinganifu wa kiingiacho na kitokacho. Fundi aliyefundishwa kubana tu ataunda chombo chenye njaa katikati ya mavuno; aliyefundishwa urari atajua wakati wa kuweka na wakati wa kutumia.