Kumbukumbu za Marehemu wa Nchi ya Shaba

Tangu mwaka 2014, ilipobainika kwamba mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, katika Katanga ya Kongo, umekaa juu ya madini ya kobalti, na watu wakaanza kuchimba hata ndani ya vyumba vyao, wapo walioshuka mashimoni wasirejee. Na siku za kilio jamaa huvaa fulana zilizochapwa sura ya marehemu, sura ambayo aghalabu hutolewa katika simu, nayo betri ya simu hiyo ina kobalti ndani yake.

Desturi hii ya kuwahifadhi wafu kwa mitambo ina taarikhi ndefu katika Katanga, walakini mwanzo wake haukuwa wa heri. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1906, iliwapiga picha wafanyakazi wake si kwa mapenzi bali kwa hesabu, kama mwenye duka aandikavyo mali yake daftarini. Wenyeji walijibu kwa zana walizozipata: mwaka 1965 André Yav na wenzake, waliopata kuwa watumishi majumbani mwa Wazungu, walipiga taipu habari za mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha huku huku, na katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alieleza picha zake za historia ya nchi mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian.

Amma aliyeipindua kamera ya kampuni ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978. Alizifukua picha za kale katika hifadhi za Gécamines, mrithi wa Union Minière, akawakata wale watu kwa kompyuta, akawasimamisha na weusi na weupe wao mbele ya magofu ya viwanda aliyoyapiga picha mwenyewe kwa rangi. Mfululizo huo, Mémoire, ulitunukiwa katika tamasha la picha la Bamako mwaka 2007. Kwa rai yangu, hakuna mnara wa saruji uliowastahi wafanyakazi wale kiasi hicho. Ila sura zimerudi pasipo majina, kwa kuwa karani wa picha hakuona haja ya kuyaandika.

Kasulo yenyewe, mwaka 2017, sehemu yake ilikabidhiwa kampuni ya Congo Dongfang Mining, kaya kwa mamia zikahamishwa, nyumba zikabomolewa, ukuta ukajengwa. Basi wewe uliyebaki na picha ya ndugu yako simuni, ichapishe karatasini, na nyuma yake uandike jina lake kamili, mwaka, na mahali shimo lilipokuwa.