Kamera ya Sekunde 60 na Pasi za Makaburu

Wasomaji wangu, leo siwachambulii simu wala siandiki msimbo. Leo ni historia kidogo.

Kampuni ya teknolojia ikibanwa kwa sababu serikali fulani inatumia vifaa vyake kuwakandamiza watu, jibu huwa lile lile: sisi tunauza mashine tu, mnunuzi ndiye anayeamua ya kufanya nayo. Jibu hilo lilikuwako kabla ya Facebook na Google. Mimi hupenda kulipima kwa kisa cha Polaroid.

Kwa walio wadogo: Polaroid ndio waliotengeneza kamera inayotoa picha papo hapo, bila kwenda studio. Ndio waliokuwa Apple wa siku zao, na Steve Jobs mwenyewe alimheshimu sana mwanzilishi wao, Edwin Land. Isitoshe, ilijulikana kama kampuni yenye moyo wa haki kwa wafanyakazi weusi wa Marekani.

Sasa twende Afrika Kusini. Mwaka wa 1952 serikali ya makaburu ilipitisha sheria ambayo jina lake, amini usiamini, lilitaja kufutwa kwa pasi. Kilichofutwa ni makaratasi ya zamani tu. Badala yake kila Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kutembea na kitabu chenye picha yake na sahihi ya mwajiri. Ukikutwa mjini bila hicho kitabu, rumande. Tarehe 21 Machi 1960, watu waliokuwa wakipinga pasi walipigwa risasi na polisi pale Sharpeville, wakafa 69. Babu zetu waliovaa kipande shingoni kuanzia miaka ya 1920 wangekielewa kitabu hicho bila mkalimani.

Hebu tukitazame kwa jicho la fundi. Mfumo wa vitambulisho una kazi tatu: kumsajili mtu, kumpa kadi, kisha kumkagua barabarani. Ukitaka kuwasajili mamilioni, foleni hukwama kwenye picha. Polaroid walikuwa na mtambo ulioitwa ID-2, na picha yake ilikuwa tayari kwa sekunde 60 hivi. Mtambo huo huo unafaa kwa kadi ya maktaba. Ndiyo maana sikubali mashine isifiwe au ilaumiwe peke yake. Uliza imefungwa kwenye mfumo gani.

Oktoba 1970, wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid huko Cambridge, Massachusetts, waliona kazini sampuli ya kitambulisho cha idara ya migodi ya Afrika Kusini. Mmoja alikuwa Caroline Hunter, mkemia kijana, na mwenzake Ken Williams, mpiga picha. Wakabandika makaratasi kazini yakisema kwamba Polaroid inawafunga watu weusi kwa sekunde 60. Walidai mambo matatu: kampuni iondoke Afrika Kusini, ilaani ubaguzi hadharani, na faida iliyopatikana kule ipewe vyama vya ukombozi.

Kampuni ikaanza kwa kukana. Baadaye ikakiri kwamba jeshi la kule lilikuwa limenunua baadhi ya mitambo. Ikatuma ujumbe wa watu wanne, weupe wawili na weusi wawili, na Januari 1971 ikalipia matangazo ya ukurasa mzima magazetini: hatutaiuzia tena serikali, wakala wetu Frank & Hirsch atawaongezea mishahara wafanyakazi weusi, na tutachangia elimu yao. Wakaliita jaribio.

Si haba, mishahara ilipanda kweli. Lakini nani angehakikisha kwamba serikali haiuziwi? Aliyekuwa akiuza ni wakala, aliyekuwa akitunza vitabu vya mauzo ni wakala yuleyule, na makao makuu yalikuwa bara jingine. Sisi wa programu tunaijua hiyo: umeweka sheria kwenye mfumo, hukuweka logi. Mtu aliyeshika nenosiri ataifuata akipenda.

Wala hakupenda. Novemba 1977 gazeti la Boston Globe lilifichua kwamba Frank & Hirsch waliendelea kuiuzia serikali kwa siri. Bidhaa zilipelekwa katika masanduku yasiyo na alama, na malipo yakapitishwa kwenye duka la dawa la Johannesburg ili jina la serikali lisionekane vitabuni. Kilichowaumbua ni ankara, karatasi ya kawaida kabisa, iliyonakiliwa na kutolewa nje. (Mhasibu akitaka kukuangusha, hahitaji virusi.)

Polaroid ikakatisha mauzo yote ya Afrika Kusini mwezi huo huo. Kiasi cha fedha iliyopoteza kilikuwa sehemu ndogo mno ya biashara yake. Hata hivyo ilikuwa imekataa kuiacha kwa miaka saba.

Williams alikuwa ameondoka kazini mapema. Hunter alifutwa Februari 1971 kwa kuhimiza watu wasinunue bidhaa za mwajiri wake; mwezi huo huo alitoa ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa, na baadaye akawa mwalimu papo hapo Cambridge. Pasi zenyewe zilifutwa mwaka wa 1986.