Kutoka Singa hadi Gesi: Korona ya Mkonge katika Historia ya Tanga

Mwaka 1893 ulileta Tanga mambo mawili yaliyokuja kufungamana: ujenzi wa reli ya kuelekea bara ulianza, na miche ya mkonge iliyoagizwa na Richard Hindorf kutoka Florida iliwasili, ingawa ni 62 tu iliyonusurika. Chumbageni na kata nyingine za mji zilikua ndani ya uchumi huo wa reli, bandari na marobota ya singa.

Kiini cha uchumi huo kilikuwa korona, mtambo unaoponda na kukwangua majani ili kutoa singa. Singa ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Kwa hiyo tani zipatazo 230,000 zilizozalishwa nchini mwaka 1964, zao lilipofikia kilele, zilihitaji majani ya zaidi ya tani milioni 5. Mabaki yalirundikwa au kutiririka na maji machafu. Maadamu bei ilikuwa nzuri, hasara hiyo haikuhesabiwa.

Ushindani wa nyuzi za sintetiki uliporomosha bei. Kutaifishwa kwa mashamba mengi mwaka 1967 kulibadili umiliki, lakini korona iliendelea kutafuta singa peke yake. Hesabu mpya ilianza baada ya ubinafsishaji wa mwaka 1998. Huko Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani, kwa msaada wa UNIDO na wafadhili wengine, ilijenga mtambo wa bayogesi ulioanza kazi kati ya 2007 na 2008. Mabaki huozeshwa ndani ya matangi yasiyopitisha hewa. Methani huendesha jenereta, na tope linalosalia hufaa kuwa mbolea.

Umeme uliopatikana haukufikia nusu megawati, kiasi kidogo kando ya megawati 21 za kituo cha maji cha Hale cha mwaka 1964. Uzito wake kihistoria uko kwingine: kilichokuwa taka kilipata thamani. Wakati huohuo, wakulima wadogo walikuwa wameanza kupeleka majani yao kwenye korona za mashamba hayo. Iwapo mkulima atalipwa kwa singa pekee, sehemu kubwa ya jani lake huzalisha nishati bila yeye kuhesabiwa. Kwa hiyo mageuzi ya korona hayapimwi kwa kilowati tu, bali pia kwa jibu la swali ambalo ukoloni na utaifishaji haukuwahi kuliuliza: mabaki ni ya nani?