Bi Kidude: umri tuliouzozania, sauti tuliyowaachia wageni

Kila ifikapo Aprili 17, siku aliyofariki Bi Kidude, mwimbaji wa taarab na unyago wa Zanzibar, mwaka 2013, mabishano yaleyale huzuka barazani: bibi yule aliondoka na miaka mingapi? Yuko atakayekwambia mia na ushei, na mwingine ataongeza kumi juu yake bila kupepesa jicho. Hata magazeti yaliyotangaza msiba wake hayakukubaliana.

Mwenyewe, Fatuma binti Baraka, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Baba yake alikuwa muuza nazi kijijini Mfagimaringo, Unguja, na watoto wa watu wa aina hiyo hawakuandikwa popote. Alichokuwa akisema ni kwamba alizaliwa zama za rupia. Ushahidi huo peke yake hautoshi, maana Zanzibar iliendelea kutumia rupia mpaka mwaka 1936 iliposhika shilingi. Ushahidi wenye uzito ni mwimbaji wa taarab Siti binti Saad. Siti alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na Bi Kidude alizijua nyimbo zake tangu usichanani, kwa kuzisikiliza kutoka kinywani mwa Siti mwenyewe. Ukipiga hesabu hapo, haishangazi kwamba wengi huuweka mwaka wake wa kuzaliwa karibu na 1910. Kwangu mimi hesabu hiyo yatosha, na anayetaka tarehe kamili atafute kosa kwa waliokuwa na daftari, asilitafute kwa mtoto wa muuza nazi.

Maisha yake ya ujana yamesimuliwa mara nyingi. Aliozwa kwa nguvu akiwa bado msichana mdogo, akatoroka kuvuka bahari kwenda bara. Ndoa ya pili nayo ikamshinda, akaondoka tena. Alizunguka bara kwa miguu, peku, akiimba na vikundi vya taarab, kisha akarudi Unguja miaka ya 1940 na kununua kijumba cha udongo. Hakujaaliwa mtoto wa kumzaa.

Watu wengi wa bara wanamjua kwa wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe tu. Wanawake wa Unguja wanamjua zaidi kama somo. Aliwafunda wasichana waliovunja ungo, akawapaka hina maharusi, akatibu kwa mitishamba. Kwenye unyago alikuwa na msondo, ngoma ndefu nyembamba ambayo aliifunga kiunoni kwa kanga, akaipanda kama mtu aliyepanda punda, kisha akaipiga kwa viganja huku ameinama na ngoma imelala mbele yake. Aliyewahi kumwona akiwa katika hali hiyo, mwili mkavu, mishipa ya mikono imesimama, sigara haiko mbali, hawezi kusema kwamba alikuwa kikongwe anayeonyeshwa kwa watalii. Alikuwa kazini.

Dunia ilimfuata akiwa ameshazeeka. Miaka ya 1980 alikwenda Ulaya na kundi la Mohamed Ilyas. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, huko Newcastle, Uingereza. Albamu yake ya kwanza ya peke yake ilitolewa na kampuni ya London, na mwaka 2007 ikatoka nyingine Paris katika mfululizo wa Zanzibara. Filamu ya maisha yake ilitengenezwa na Mwingereza, Andy Jones, mwaka 2006, na kwa kweli mengi tunayoyajua juu ya safari zake tunayajua kupitia filamu hiyo. Linaniuma jambo hili. Mwanamke huyu alikuwa jirani yetu kwa karne nzima, na waliokuja kumwuliza akasimulia na mashine ya kurekodi ikiwaka ni wageni.

Sisi tulishughulika naye lilipozuka zogo. Mwaka 2012 uvumi ulienea mjini kwamba Bi Kidude ametekwa. Jamaa yake alijitokeza akasema bibi ni mgonjwa, yuko chini ya uangalizi wake, na hatapanda tena jukwaani; akaongeza kwamba kwa miaka mingi watu wamekuwa wakimtumia na kujitajirisha kwa jina lake. Waliozoea kumpeleka kwenye matamasha wakaja juu: kwa maoni yao mzee alikuwa amefungiwa, na kinachomuua ni kunyimwa ngoma yake. Mji ukagawanyika. Kila upande ulidai kumpenda, kila upande ukahesabu fedha za mwenzake. Jones alirudi Unguja kuchunguza, akatengeneza filamu ya pili juu ya mkasa huo. Nimeyapima maneno ya pande zote, na ninaamini wote walikuwa na sehemu ya haki. Mzee wa umri ule alihitaji daktari na kitanda safi. Lakini msanii aliyezunguka dunia na bado akaishi maisha ya kimaskini alikuwa na haki ya kuuliza, na kuulizwa kwa niaba yake, jasho lake limekwenda wapi. Swali hilo halikupata jibu alipokuwa hai.

Alifia Bububu, akazikwa Kitumba, na viongozi wa Serikali walikuwepo. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa ameimba wimbo wa Ahmada na vijana wa kundi la Offside Trick, na ndiyo maana hata waliozaliwa miaka ya 1990 waliijua sauti yake.

Upande wa taarab sina hofu nao sana, kwani Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha vijana tangu mwaka 2002. Hofu yangu ni unyago. Wanawake waliopiga ngoma nyuma ya Bi Kidude, wakamwitikia, nao sasa wamekuwa watu wazima, na hawana albamu Paris. Shirika la Utangazaji Zanzibar na Nyaraka za Taifa pale Kilimani watume wanawake wenye vinasa sauti wakakae nao mwaka huu, kwa idhini yao na kwa malipo yanayolingana na wanachokijua.